Haro kwa Kitinda Mimba

Benchi lililo nje ya karakana ya mapipa ya Ansketili, kwenye njia ya kwenda mji wa Kutansi, halijawahi kukaliwa na mtu mwenye haraka. Asubuhi hiyo walikuwa watatu na mtungi mmoja wa pombe ya matufaha. Ansketili mwenyewe, kijiji kizima kinamwita Pipa. Turoldi anaitwa Sisili, kwa kuwa alipigana huko kiangazi kimoja na mpaka leo hajamaliza kusimulia. Herluini ni Mshale, kwa sababu ya ule uliompata Uingereza, mahali asipoweza kuwaonyesha watu. Wana watatu wa Pipa walishakwenda zao: wawili wana mashamba Uingereza, mmoja yuko Italia na anasema ana ngome. Sasa hata Rogeri, kitinda mimba, alikuwa kisimani akifunga mizigo pamoja na wapanda farasi wa kwenda Sisili. Wangeondoka kabla ya adhuhuri. Pipa roho ilikuwa ikimuuma, na alichoka kujifanya haimuumi.

Pipa: Nimeamua. Wakipita hapa navua kofia, napiga magoti katikati ya njia, napiga haro. Nyie wawili ndio mashahidi wangu.

Mshale: Haro? Kwa mwanao wa kumzaa?

Pipa: Sheria ni sheria. Ukishaita, “Haro! Nisaidie, mkuu wangu, nadhulumiwa!” kila kitu kinasimama mpaka baraza likae. Hata awe anajenga ukuta, anaacha hapo hapo.

Mshale: Hiyo ni ya kuta na mipaka, bwana. Ya mwisho kupigwa hapa ilikuwa ya nguruwe.

Sisili: Na nguruwe alisimama?

Mshale: Nguruwe alisimama. Mwenye nguruwe ndiye aliyekimbia.

Sisili: Nyie mnaichezea haro. Mimi huko Sisili niliwapigia watu wa mji mzima waliotufungia lango. Lugha yetu hawajui hata neno moja. Wakasimama wima!

Mshale: Walikuwa wanakushangaa tu. Mwanamume mzima kapiga magoti kwenye tope!

Sisili: Lango likafunguka lenyewe.

Mshale: Mwaka jana ulisema ulilivunja kwa kichwa.

Sisili: Nilianza na kichwa.

Pipa alitaka kukasirika, ila kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Akajimiminia nusu kikombe.

Mshale: Bahati yetu Waingereza hawakuijua. Hebu fikirieni. Kile kilima cha vita tumekipanda kutwa nzima tukipigana nao, jua linazama, halafu mfalme wao anavua kofia na kupiga haro. Tungefanyaje?

Sisili: Tungesimama.

Mshale: Si ndiyo hapo! Jeshi zima linarudi mashuani kungoja baraza. Mpaka leo tungekuwa tumekaa ufukweni tunakula samaki wa chumvi.

Sisili: Hiyo ndogo. Mimi nasema ikipigwa kwa sauti nzuri, hata bahari inatulia.

Mshale: Unatupiga kamba.

Sisili: Nilikuwepo!

Pipa: Mmemaliza? Mwanangu anaondoka, nyie mnatuliza bahari!

Wakati huo mwanamke mmoja muuza chumvi, mgeni kijijini, alikuwa ametua mzigo wake mwisho wa benchi. Walimpa kikombe, naye akanywa taratibu huku akiwasikiliza.

— Samahanini, wazee, alisema, akamgeukia Pipa. Huyo kijana alijibu nini ulipomwomba abaki?

Mshale akamtazama Sisili. Sisili akaanza kuchungulia ndani ya kikombe chake.

 Wiki nzima Pipa alikuwa amejifunza kupiga magoti bila goti la kushoto kutoa mlio, na sauti aliijaribu juzi ndani ya pipa tupu. Kumwomba Rogeri hakukuwahi kumpitia kichwani. Kwao mwana akitaka kwenda, baba anamtafutia hatamu nzuri, anamwambia aangalie farasi, basi.

— Sikumwomba, alisema. Hata wale watatu sikuwaomba.

— Labda wangekwenda tu, Mshale alisema kwa upole.

— Labda. Sitajua kamwe.

Kutoka kisimani wakasikia mtu akiwaita wenzake wapande farasi. Pipa akainuka ghafla, pombe ikammwagikia miguuni.

Sisili: Unakwenda kupiga haro?

Pipa: Nakwenda kumwomba.

Sisili: Ngoja basi tuje, tuwe mashahidi!

— Kaeni hapo hapo, alisema Pipa, akiwa ameshashika njia ya kisimani. Akinikatalia, nataka anikatalie nikiwa peke yangu.

Alianza kwa kutembea, kama mtu mzima anavyopaswa. Kisha akasikia kwato, akakimbia.