Mama Desimali Anaiaga Kanzidata

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya hisabati, Mama Desimali anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kitinda mimba wake anasema nyumbani kwao hata chumvi hupimwa kwa desimali, na wala hatanii.

Kazi yake ilikuwa kuchangia namba thabiti, yaani zile zisizobadilika kama pai, kwenye kanzidata ya pamoja inayotumiwa na wahandisi na watafiti wa nchi nyingi. Ukikosea tarakimu moja huku, mwenzako anapotea kule. Ndiyo maana alituwekea utaratibu: kila namba ikokotolewe na watu wawili, kwa njia mbili tofauti, na wasiambiane chochote mpaka wote wamalize. Na alivyo mkali, jamani! Ukikutana naye kwenye ngazi ukaanza kutaja tarakimu, anaziba masikio na kupanda zake.

Mwaka huu, akijiandaa kuondoka, aliipitia upya namba iliyompatia sifa, ile aliyoichangia akiwa bado msichana. Akakuta imekosewa kuanzia tarakimu ya hamsini na mbili. Njia mbili zilitumika kweli, kumbe zote zilianzia kwenye namba moja ya zamani yenye kasoro, basi zikakubaliana katika kosa. Mkuu wa idara, kwa wema tu, akamshauri asubiri kwanza sherehe ya kumuaga ipite. Mama Desimali akamjibu kuwa keki ya kusifia namba mbovu haitamshuka kooni. Siku hiyohiyo akatangaza kosa kwa jina lake mwenyewe, na namba ikaondolewa.

Iliniuma, sifichi. Kazi ya ujana wake, halafu nafasi yake kwenye kanzidata imebaki tupu wakati anafungasha vitu vyake. Akaikokotoa upya, nami nikapewa kuihakiki kwa njia yangu, kuanzia mwanzo kabisa. Tangu hapo, tukipishana kwenye korido, ni habari za nyumbani, watoto hawajambo, basi. Macho yake yanauliza, mdomo haufunguki. Juzi alituambia kwenye kikao kwamba yuko tayari kuondoka bila kujua kama hesabu zetu mbili zitalingana.

Mama, asante kwa subira yako, kwa ukali wako, na kwa kutuonyesha mtu anavyolibeba kosa lake bila kujificha nyuma ya mtu. Leo asubuhi, kabla karatasi hizi za kukuaga hazijapelekwa kuchapwa, nimemaliza hesabu yangu. Kwa hiyo utaratibu wako wenyewe sasa unaniruhusu kusema, na nimeona usome hapa mbele ya watu wote: zimelingana, Mama, mpaka tarakimu ya mwisho. Namba yako imerudi kwenye kanzidata.

Nenda ukapumzike, uishi kwa afya na raha.