Nukta Iliyoangukia Ng'ambo ya Kijito

Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye leo umefunga tai mpaka mlinzi akakuomba kitambulisho. Wakuu wa idara mliokalia viti vyenye vitambaa. Ndugu wageni waalikwa. Jamaa wa Mama mliotuazima mama yenu kwa miaka thelathini na moja. Nanyi wenzangu wa bustani, stoo na gari mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu wote kwa ngazi zenu, na niliyemruka ajipandishe mwenyewe.

Kwa asiyenijua, mimi ndiye Chapchap. Jina hilo sikupewa na wazazi, nililipata kwa miguu yangu. Shule niliiacha njiani, siwafichi. Lakini mvisheni buti mwenye shahada yeyote humu ndani, mtuonyeshe mlima sisi wawili, halafu mtaniambia nani amerudi akanywa chai na nani bado anaulizia njia. Mzee Breki, dereva wetu, ananikata jicho pale mlangoni. Mzee, ni uongo? Anasema ni majivuno. Haya, ni kweli na ni majivuno.

Mama tunayemuaga leo alinipokea miaka minne iliyopita katika chumba cha mwisho cha korido, chenye feni inayolia na kompyuta mbili, moja ya kazi na moja ya kuwekea vikombe. Siku ya kwanza alinionyesha picha iliyopigwa na setilaiti, nikaona rangi zimevurugika kama shati lililochuja.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Naona kompyuta imekufa, Mama."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza, taratibu, kana kwamba nimesoma. Picha ile ni vimraba vidogo, na kila kimraba ni kipande cha ardhi karibu sawa na ukumbi huu. Mwisho wa kiangazi miti mingi imepukutika, lakini uko mti mmoja adimu ambao wakati huo ndipo unapotoa majani mapya, mekundu. Kazi yake ilikuwa kukaa pale, siku baada ya siku, akitafuta kimraba chenye wekundu usio na sababu. Akikipata, mtu anakwenda kwa miguu kuhakikisha. Mtu huyo ni mimi.

Miti hiyo tulikuwa tunaijua mitatu tu. Miwili ni dume, mmoja jike. Mnaijua mipapai: dume huchanua tu, jike ndilo huzaa. Jike lile Mama alilitafuta kwenye kioo viangazi viwili, na siku alipolipata alitoka kwenye korido akamkumbatia mhasibu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ofisi hii wala halitatokea tena.

Nikatumwa kuchukua nukta, yaani alama ya mahali mti uliposimama, iwekwe kwenye ramani. Sasa sikilizeni vizuri. Ukisimama chini ya miti minene, jipiesi, kile kidude kinachopima mahali ulipo kwa setilaiti, hubabaika, na kwenye kioo chake hukuandikia yenyewe inaweza kukosea kwa mita ngapi. Kanuni ya Mama ilikuwa moja: subiri namba ishuke chini ya tano, ndipo ubonyeze. Wakati mwingine ni nusu saa umesimama kama nguzo, mbu wanajilia. Siku ile mawingu yalikuwa yamefunga, na nilikuwa nimemwapia Mzee Breki kwamba nitarudi kabla mpira haujaisha redioni. Namba ilikuwa mia mbili na kumi. Nikabonyeza, nikakimbia. Nilifika garini dakika za nyongeza, nikajisifu njia nzima.

Nukta yangu iliangukia ng'ambo ya kijito. Ikaingia kwenye ramani, Mama akatia saini, ramani ikaenda kwa wajenzi wa njia ya umeme. Wajenzi hawakukosea, tusiwasingizie. Ramani iliwaambia waache duara la mita hamsini kuizunguka nukta, wakaliacha. Miezi mitatu iliyopita tulilikuta limezungushiwa utepe wa rangi ya chungwa, nadhifu kabisa, na ndani yake nyasi na vichaka ambavyo hata mbuzi asingevigusa. Tukavuka kijito. Palikuwa na kisiki.

Mama hakulia mbele yetu. Alipiga magoti, akaokota tunda moja bichi lililopasuka, mbegu zake bado laini kama maziwa yaliyoganda, akalifunga kwenye leso. Akaniuliza bila kunitazama:

"Mwanangu, ulisubiri?"

"Nilisubiri, Mama."

"Mpaka tano?"

"Mpaka nne."

Mnaona? Hata kwenye uongo nilitaka kushinda.

Ndugu wageni waalikwa, tangu asubuhi mmesikia hotuba tatu zikisema Mama ameamua kupumzika mapema. Nani huamua kupumzika miaka minne kabla ya wakati wake, wiki tano tu baada ya kuitwa mbele ya kamati iliyochunguza kukatwa kwa mti ule? Mama aliiambia kamati kwamba jipiesi ya ofisi ni kuukuu, kwamba yeye aliipitisha bila kuikagua, na kwamba saini ni yake, basi na kosa ni lake. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nimeshika mkoba wake, wala sikubisha hodi.

Jumatatu nilitumwa kufungasha makabati yake. Nikakuta karatasi ya nukta zote: tarehe, jina langu, na safu ya mwisho yenye ile namba ya kukosea. Kumbe jipiesi huihifadhi! Mia mbili na kumi. Pembeni kuna alama ya penseli kwa mkono wa Mama, na tarehe ya penseli ni siku mbili kabla ya kamati. Nikamfuata kwenye korido.

"Mama, ulijua."

"Punguza sauti."

"Mbona hukusema?"

"Magoti yangu hayapandi tena mlima, wewe mtoto. Wakikufukuza, ile miti miwili atakwenda kuitafutia jike nani? Mhasibu? Ijumaa utasema nilikuwa mpole, utakaa chini."

Samahani, mhasibu, ni maneno yake. Mama, hukuwa mpole. Ulinirudisha mlimani mara tatu kwa jani moja la kukausha nililolilaza vibaya kwenye gazeti. Na usinitikisie kichwa, leo sikai chini.

Mheshimiwa Mkurugenzi, jipiesi ya ofisi ni nzima. Sikusubiri, kisha nikadanganya. Karatasi ni hii, naiweka mbele yako. Naomba ile ripoti ya kamati ifunguliwe, jina la Mama lifutwe pale, liandikwe langu. Najua halitaurudisha mti. Nimeshakwenda pale mara tano peke yangu kuangalia kama kisiki kinachipua. Hakichipui.

Lakini Mama ameacha kwenye kompyuta vimraba kumi na saba vyekundu. Kumi na kimoja nimeshavifikia, na nimesubiri kila kimoja mpaka namba ishuke. Si mti wenyewe. Vimebaki sita. Wekundu ule haumalizi wiki tatu. Mvua ikianza kila kitu kitakuwa kijani, na picha haitatuambia kitu mpaka mwakani. Niadhibuni mnavyotaka, ila kesho mtu aende. Na Mama arudishwe kwenye kiti chake, kwa sababu macho yale hatuna mengine. Ikiwa hivyo sita navyo ni bure, basi miti ile miwili itachanua kila mwaka, itapukutisha maua yake chini, na itakuwa imeishia hapo.

Mzee Breki, kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona sijatokea, ujue nimefukuzwa. Mchukue atakayekuja, umwonyeshe njia. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka hapa, hata pale nilipostahili kukatizwa.