Saini Elfu Mbili za Kumkataa Malkia

Sogeza kiti, Gerald, na wewe Lorna uache kulikunja hilo shuka, halijakosa kitu. Nina pumzi ya mazungumzo haya tu, na daktari alipotoka asubuhi alinipa mkono bila kunitazama usoni, kwa hiyo nitakayosema msiyakatize, wala msiniambie nipumzike, maana kupumzika kwenyewe ndiko ninakokwenda. Mimi Ambrose Barraclough, muuza nyama wa Skelbeck, mzee wa kanisa miaka ishirini na sita, baba yenu, nina akili zangu timamu, na nina hasira. Hasira hiyo sitaki kuzikwa nayo, nataka kuwaachia.

Vya kugawa havina maneno mengi, mwanasheria anavyo kwenye karatasi. Saa ya ukutani ya babu yenu ni ya Gerald. Vyombo vya mama yenu, vile vyenye maua ya samawati, ni vya Lorna, na avitumie, asivifungie kabatini kama maiti. Duka, tanuri, na nyumba hii iliyo juu ya duka, ni vya Hilda, aliyetupikia miaka yote hii.

Kaa chini, Gerald. Nimekuona ukimtazama dada yako, na jicho hilo nalijua, ni jicho la mteja anayedhani mizani imechezewa. Haijachezewa. Bango la mlangoni limeandikwa "Barraclough na Wanawe" tangu mko shule, na hakuna kati yenu aliyewahi kukanda unga wa pai ya nyama hata moja. Wewe ulikwenda Leeds kuuza bima, ukasema harufu ya mafuta ya nguruwe inang'ang'ania kwenye suti. Lorna ulikuja Krismasi ukaondoka na kapu. Wale waliopanga foleni kila Jumamosi hadi kona ya benki, mvua ikiwanyeshea, walifuata mkono wa Hilda. Mimi nilikuwa wa kufunga kwenye karatasi na kusema karibu tena.

Lakini sikuwaita kwa ajili ya nyumba. Nimewaita kwa ajili ya jina.

Mnaukumbuka mwaka ule mrithi wa kiti cha enzi alipotangaza kwamba anamwoa yule mwanamke wa Scarborough, binti wa mwenye nyumba ya wageni, aliyekwisha kuolewa akaachika. Kasri likatoa maneno yake laini, kwamba siku mumewe atakapotawazwa, cheo cha mke "kitaamuliwa kwa kuzingatia hisia za wananchi". Yaani tuliulizwa. Na nchi hii ukiiuliza swali moja juu ya kitanda cha mtu mwingine, haitanyamaza tena. Magazeti yakawa yanapima maoni kila wiki: wangapi wanataka aitwe Malkia, wangapi wanasema atosheke na kuitwa mke wa mfalme, wangapi hawataki hata kumwona. Saba katika kumi walisema hapana, na katika mji huu mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa hao saba.

Nilichapisha fomu. Niliziweka kaunta, kati ya mizani na chupa ya haradali, na kalamu nikaifunga kamba isiibwe. "Sisi wakazi wa Skelbeck tunapinga mwanamke huyu kupewa cheo cha Malkia." Saini elfu mbili na ushei, wanangu. Walikuja hata watu wasiokula nyama. Fundi bomba, yule Seth Ogden, alikuwa haingii bila kichekesho.

"Malkia wa nini huyo, Ambrose? Wa kutandika vitanda?"

"Atandike tu," akajibiwa kutoka nyuma ya foleni, "mradi asipande juu."

Na mke wa bwana posta akasema, akiweka saini ndefu kama treni, "Mama yangu alimpigia goti malkia wa kweli. Huyu simpigii hata simu."

Walicheka mpaka kioo kikaingia ukungu. Nami huku nakata mbavu nawapa hotuba, kwamba cheo si koti la kuazima, kwamba aliyeapa kanisani mara moja akavunja hawezi kuja kutuongoza kwa mfano, kwamba nchi isiyo na haya mezani haitakuwa na haya vitani. Nilisema vizuri. Baba yenu alikuwa na ulimi. Na nyuma yangu, hatua nne, wakati wote huo, Hilda alikuwa akitoa pai kwenye tanuri.

Sasa tuseme lile ambalo halijawahi kusemwa ndani ya nyumba hii. Mama yenu alipofariki, Gerald ulikuwa na miaka kumi na miwili na Lorna tisa. Mwaka wa pili Hilda akaja kupika, akimkimbia mume wa Halifax aliyemvunja mkono, na talaka yake aliipata mahakamani kwa haki. Mwaka haukuisha nikawa nagonga mlango wa chumba chake, nao ukawa unafunguliwa. Usiinamishe uso, Lorna, una watoto watatu na hukuwaokota sokoni. Miaka thelathini na moja. Kasisi wa siku zile hakuwa akifungisha ndoa ya mwanamke aliyeachika, na mimi ndiye niliyekuwa nikipitisha sahani ya sadaka, basi tukaamua, nasema tukaamua lakini niliyeamua ni mimi, kwamba ataitwa mtunza nyumba. Makarani wa sensa walikuja mara tatu, na mara zote tatu nilimwandika hivyo kwa mkono wangu. Nyinyi mkamwita Hilda wa jikoni, na wanenu wakajifunza hivyo kwenu. Sikuwakanya. Mficha uchi hazai, nasi hatukuzaa.

Jumamosi moja Hilda alitokea na sinia, na Seth akamsogezea kalamu.

"Na wewe, Hilda mpenzi, mbona hatuoni mkono wako hapa?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Walikuwa watu wanaojua na wanaotaka kuona. Ningeweza kusema lolote, wanangu. Ningeweza hata kuangusha kisu. Nikasema, "Mwacheni huyo. Ni mfanyakazi tu hapa." Wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nisionekane sikucheka. Hilda akapanga pai zote kumi na mbili dirishani, akaufuta ukingo wa kaunta kwa aproni yake, akarudi ndani.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nimechinja nguruwe tangu nina miaka kumi na mitano na methali hiyo sikuielewa hadi jioni ile, nilipomkuta akimenya viazi. Nikamwambia, "Ulijua ni mzaha." Akasema, "Mzaha ni wa wawili, Ambrose," akaendelea kumenya. Hakulirudia tena neno hilo. Afadhali angelirudia.

Kisha tazameni watu wa nchi hii walivyo wepesi. Yule wa Scarborough akatembelea hospitali, akavaa buti za mpira siku za mafuriko akashika fagio mbele ya kamera, akazeeka kidogo, akanenepa kidogo, na watu wakaanza kusema, "Aa, si mbaya huyu." Saba wakawa watano, watano wakawa watatu. Kasri lilikaa kimya likingoja, lile lina subira ya mamba. Siku ya kutawazwa akaitwa Malkia mchana kweupe, na hakuna aliyeuliza saini zetu ziko wapi. Seth yuleyule alipanda ngazi kutundika vibendera mtaani. Mke wa bwana posta aliagiza pai sitini zenye taji la unga juu, na Hilda akayakata mataji yote sitini, moja moja, kwa kisu kidogo. Mkitaka kujua, mimi sijabadilika. Sijampenda yule mwanamke na nitakufa sijampenda. Amepewa umalkia kwa kushika fagio nusu saa, na aliyeshika fagio miaka thelathini na moja humu ndani hajapewa hata kiti.

Ndiyo, kiti. Siku hiyo ya kutawazwa, tulipotandaza meza ndefu ya sherehe mtaani, Gerald, wewe ndiye uliyeandika kadi za mahali pa kukaa. Nilizisoma zote. Mkeo alikuuliza, "Na Hilda?" nawe ukajibu, "Si atakuwa anahudumu?" Nilisikia, na nilikuwa na meno kinywani, na sikusema. Kisha ukasimama na glasi ukasema, "Kwa Malkia," sote tukanyanyuka, na aliyekuwa akipita nyuma ya viti vyetu na birika la chai ni yeye. Nchi nzima ilibadili kauli yake. Nyumba hii haikubadili. Nyani haoni kundule, na mimi ndiye nyani mkubwa, lakini msijidanganye, nyinyi nimewazaa mimi.

Nipe maji, Lorna. Kidogo. Basi.

Jumanne nilimwita msajili wa ndoa. Sheria inamruhusu kuja kitandani kwa mtu wa hali yangu. Sikuwaambia kwa sababu mngekuja. Hilda akapanda ngazi na unga mikononi, nikamwambia, "Leo utakuwa mke wangu, na kesho utakuwa Bibi Barraclough, wapende wasipende." Akanitazama. Akamgeukia msajili akamwambia, "Pole mama, umesumbuliwa bure. Utakunywa chai?" Kisha akaniambia, taratibu kabisa, "Nilingoja uniite hivyo duka likiwa limejaa. Leo unaniita chumba kikiwa kitupu na mguu wako mmoja uko nje. Nitakulisha, Ambrose, nitakugeuza, na macho nitakufumba mimi. Lakini jina la kuniachia pamoja na nguo zako kuukuu, hapana." Msajili akanywa chai yake akaenda zake.

Kwa hiyo nimekataliwa, nami nastahili. Nyumba naweza kuiandika kwenye karatasi. Jina siwezi.

Shikeni haya. Nizikeni na mama yenu, nafasi ipo, sikuwahi kugombana naye. Kanisani Hilda asipangiwe kiti. Akija akae anapotaka, asipokuja msimuulize. Na Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, kama Hilda atakubali kufungua, wewe Gerald utasimama kaunta, na foleni ikifika kona ya benki utasema kwa sauti, "Baba yangu alisema hapa kwamba Hilda ni mfanyakazi tu. Alisema uongo." Hayo tu. Usitie chumvi, usilie. Atakayecheka acheke, umtazame mpaka amalize. Ukikataa, hiyo saa ya babu yako ichukue, lakini radhi yangu usiitafute, haipo.

Mkiyafanya haya, nawabariki. Mungu awape moyo wa kusema mbele za watu yale mnayoyajua mlango ukiwa umefungwa. Na awape... awape kuyasema mapema. Wanenu wasiwaogope. Vitanda vyenu... viwe na amani.

Sasa Lorna, mwite. Simama hapo juu ya ngazi, umwite aje.

Mbona umesimama tu?

Ndiyo. Umefungua mdomo, na hukujua useme nini. Jina lile la Hilda wa jikoni unalionea aibu leo. La mama huthubutu. Hata mimi... hata mimi sijui nimwite vipi, mwanangu. Nchi nzima ilibishana miaka na miaka yule mwanamke aitwe nani, na hakuna aliyemuuliza yeye. Na Jumanne... nilimwambia atakuwa nani. Nilimwambia. Sikumuuliza.

Basi usiite. Shuka. Ugonge mlango wa jikoni, na ungoje... ungoje mpaka akwambie ingia. Umuulize anataka tumwite nani. Atakalosema, lolote, ndilo. Uje uniambie nilitamke.

Nenda taratibu, ngazi ile...

Hapana. Nenda upesi.