Ndululu Muthama na Kigoda Chenye Jina la Mwingine

Ndululu Muthama alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 karibu na soko la Zombe, Kitui, mtoto wa pili wa mzee Muthama na mama Syokau. Kaka yake mkubwa, Mutisya, ndiye anayewasomea maneno haya.

Alisoma hadi darasa la nne. Ukame wa 1961 ulimaliza ng'ombe wa nyumbani, na masomo yakaishia hapo. Mwaka uliofuata alipelekwa kwa mjomba wake huko Mbooni, Makueni, akajifunze kuchonga vigoda.

Mjomba hakuwa na rula. Alipigilia msumari katikati ya gogo la mukau, akafunga uzi, akauzungusha kuchora duara. Kisha kwa uzi uleule, bila kuurefusha wala kuufupisha, alipima ukingoni hatua sita na kurudi palepale alipoanzia. Aliruka alama moja, akachukua moja, zikabaki tatu zilizoachana sawasawa. Hapo ndipo miguu mitatu ilipochongwa. Kigoda cha namna hiyo hakiyumbi hata juu ya mawe. Siku hizo kila mzee alikuwa na chake, na hakuna aliyekikalia bila ruhusa. Leo tumekodi viti vya plastiki, na ndivyo mlivyokalia.

Tarehe 7 Desemba 1974 alimwoa Nduku, binti Nzau wa Kyuso. Walijaliwa watoto wawili. Kaka yake Nduku, Mwalimu Gedion Nzau, akawa shemeji na rafiki wa kila Jumapili.

Ndululu alipenda kupamba vigoda kwa waya wa shaba. Mwaka 1998, alipokuwa akikata nyaya tatu za kunyooka juu ya kigoda kimoja, kutoka sehemu moja ya ukingo hadi kwenye zile alama tatu za miguu, aliona kwamba waya mrefu ulilingana na zile mbili fupi zikiunganishwa. Alijaribu mahali pengine. Ikawa vilevile. Alimwita Gedion.

"Hiyo ni bahati tu, shemeji," Gedion alisema.

"Basi chagua wewe mahali."

Gedion alichagua, akapima, ikatoka sawa. Alichagua tena. Mara ya tatu aliweka kidole juu ya alama yenyewe ya mguu, akidhani amemnasa. Ndululu alicheka hadi akashika mbavu.

"Hapo waya mmoja hauna urefu, mwalimu! Na hizo mbili zilizobaki ni mapacha. Pima!"

Gedion aliomba kigoda hicho. Aliahidi kuandika jambo lile vizuri, jina la Ndululu likiwa juu, ili watoto wa shule wajue kwamba mchongaji wa Zombe aliliona kwa macho yake. Ndululu hakuomba kitu kingine.

Mwaka 2003 walimu walifanya maonyesho mjini Mwingi. Ndululu alivaa suti ya kanisani, akaenda na Nduku. Kigoda chake kilikuwa mezani. Alinyoosha mkono.

"Mzee, tafadhali usiguse," binti mmoja alimwambia. "Ni ya mwalimu."

Kadi ilisema: Uvumbuzi wa Mwl. G. Nzau.

Alimkuta Gedion nje, akamuuliza jina lake liko wapi.

"Shemeji, walitaka jina ya mtu wa shule. Na hii kitu iko kwa vitabu. Watu wa zamani walijua."

"Kama walijua, mbona umeandika lako?"

Ndululu alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakutia tena waya kwenye kigoda. Alichonga vya kawaida, hadi wanunuzi nao wakaacha kuja.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alilazwa Kitui mara mbili. Mwezi Mei Gedion alifika na mfuko wa machungwa, akainama kitandani akanong'ona, "Nisamehe, shemeji." Sauti ya Ndululu ilikuwa imebaki kidogo sana, lakini kila aliyekuwepo aliisikia: "Uliandika mbele ya watu. Usifute kwa kunong'ona sikioni mwangu tu."

Aliaga dunia tarehe 6 Juni 2025, alfajiri, mkewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha mjane, Nduku, watoto, Mutanu na Musyimi, wajukuu watano, na kaka yake, Mutisya. Shemeji yake, Mwalimu Gedion, ameketi safu ya pili. Familia imempa nafasi ya kusema mara baada ya wasifu huu, na haikumwandikia la kusema.

Mungu ampe Ndululu pumziko ambalo sisi watu wake tulimnyima.

Mwalimu, simama. Jeneza linakungoja wewe.