Papa Nissim, Mtu wa Kumi

Kila asubuhi, kabla kahawa haijapoa, Papa Nissim Hasson alivaa miwani, akasoma habari za dunia kwenye simu kwa sauti, na akifika kwenye ile iliyo mbaya kuliko zote alitazama dari, akauliza, "Hii nayo umeiona?" Mke wake, Mama Émérance, alimuuliza mara nyingi anamsemesha nani, kama kweli huko juu hakuna mtu. Alijibu kwamba kwao hata asiyeamini ana haki ya kulalamika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, mtoto wa pili wa Mzee Salomon Hasson na Mama Rachel. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes wakaja Katanga kuuza vitambaa. Ndugu waliobaki kisiwani walichukuliwa na Wanazi mwaka 1944, wakauawa kambini. Jambo hilo halikusemwa mezani, lakini mtoto Nissim alikuwa na masikio. Kiswahili alikiokota dukani kwa wateja, kabla hata Kifaransa hakijamkaa mdomoni.

Alisoma Lubumbashi na kumaliza sekondari mwaka 1969. Mambo ya dini alifundishwa na baba yake. Alipotimiza miaka kumi na mitatu, umri ambao mtoto wa kiume wa Kiyahudi anaanza kuhesabiwa mtu mzima katika sala, alisoma Torati mbele ya watu wote bila kukosea. Kisha kwenye karamu akasimama, akasema amewafikiria sana wale ndugu wa Rhodes, na haoni kama Mungu yupo. Mama yake akaanza kulia. Baba yake akamaliza kutafuna kwanza, ndipo akasema:

"Sawa, mwanangu, nimesikia. Jumamosi uje mapema. Tuko tisa."

Hapa inafaa kueleza kidogo. Sala fulani za Wayahudi, na hasa ile ya wafiwa wanayoiita Kadishi, hazisemwi mpaka wapatikane wanaume kumi. Wakiwa tisa, hata wawe watakatifu namna gani, mfiwa anakaa kimya. Basi Jumamosi ile Nissim alienda, akiwa bado amenuna. Akaendelea kwenda maisha yake yote, na hakuna siku aliyosema kwamba sasa anaamini.

Kazi aliianza dukani kwa baba yake. Mwaka 1974 serikali ilichukua maduka ya wageni, na lao likaenda pia. Ndugu zake wakahamia Ubelgiji. Yeye alibaki, kwa sababu alisema huko hakuna mtu wa kumuuliza umeamkaje. Alifanya kazi kwenye maghala ya watu hadi mwaka 2006, alipokuja hapa Guangzhou, China, na kufungua ofisi ya mizigo mtaa wa Sanyuanli. Wafanyabiashara wengi wa Kongo walioko hapa walipakia kontena lao la kwanza naye. Aliwapeleka soko la Liuhua kununua viatu, akawafundisha kwamba laoban, yaani mwenye duka, akisema "mei you", hakuna, usiondoke. Ukae, unywe chai yake, umuulize tena. Mara nyingi kipo stoo.

Alimuoa Mama Émérance Ngoie tarehe 8 Septemba 1984, mbele ya mkuu wa komini, yaani ndoa ya serikali, Lubumbashi, kwa kuwa kanisa la huyu na sinagogi la yule vyote vilikataa. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe kanisani, akamngoja nje akimshikia mkoba. Siku moja, wakirudi, alimwambia kwa mzaha kwamba amemtafuta Mungu dunia nzima na jibu ni lile lile, mei you. Mama Émérance akamjibu: "Na wewe uliondoka bila kuuliza tena? Wewe, Papa Nissim?" Alicheka mpaka nyumbani. Alisema hilo ni neno la kwanza la maana kumfikia kutoka kanisani.

Ugonjwa wa moyo ulimshika mwaka 2023. Tangu hapo Mama Émérance alibeba hofu moja, nasi tuliomzunguka tuliijua: mtu aliyemkana Mungu mbele ya watu akifa ugenini, nani atamzika kwa desturi ya baba zake? Aliogopa Wakristo watasema si wetu, Wayahudi watasema alijitoa mwenyewe, na mwisho atachomwa tu, kama wageni wengi wanaofia hapa, bila neno. Mtoto wao Chadrack alikuwa tayari kumsomea baba yake Kadishi, lakini katika sheria ya Wayahudi mtoto hufuata upande wa mama, kwa hiyo hawezi kuhesabiwa katika wale kumi. Papa mwenyewe akiulizwa alisema, "Mimi sitakuwepo. Mtaamua ninyi." Jibu hilo lilimnyima mkewe usingizi.

Ndipo Mama Émérance akajaribu njia yake. Mchana mmoja Papa akiwa amelala, alimwita Mchungaji Medard wa kanisa lake aje na mafuta ya upako. Chupa ilipofunguliwa Papa akafungua jicho moja. "Mchungaji," akasema, "hata kutoamini kwangu ni kwa Kiyahudi. Usinibadilishie." Mchungaji alicheka, akafunga chupa, wakanywa kahawa pamoja. Mama hakucheka.

Papa Nissim alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, alasiri, katika nyumba ya sala ya Wayahudi hapa Guangzhou. Siku hiyo walikuwa tisa, na kijana Jonas, anayeuza vifungo vya nguo, alikuwa amefiwa na mama yake. Papa alikuja, akawa wa kumi, Jonas akasema Kadishi yake yote. Sala ilipokwisha, Papa alikaa kwenye kiti cha mwisho, na hakuamka.

Mama Émérance aliitwa, akafika. Kabla ya kulia, alimwambia rabi, kiongozi wa sala wa pale, ukweli wote: mume wake alikuwa hana imani, amelisema hilo tangu utoto, na kama hawawezi kumzika, wamwambie sasa hivi.

Rabi akamvutia kiti. "Mama, alitwambia sisi kila wiki," akasema. "Hapa hatukuwahi kumuuliza anaamini nini. Tulimuuliza kama anakuja."

Wanaume wa pale walimuosha wenyewe, wakamvika nguo nyeupe ya kitani isiyo na mfuko hata mmoja. Mama alipoambiwa hivyo alicheka kwa mara ya kwanza, akasema huyo ni mfanyabiashara wa ajabu. Rabi alipiga simu Lubumbashi, na kumi watapatikana. Mwili utaondoka uwanja wa ndege wa Baiyun kesho, na Papa atalazwa kando ya Mzee Salomon. Kadishi yake ataisema Jonas, hapa, mpaka miezi yake kumi na moja itimie, ameomba mwenyewe. Mama Émérance sasa analala.

Marehemu ameacha mke, Mama Émérance, watoto wawili, Chadrack wa hapa Guangzhou na Emmanuella wa Lubumbashi, mjukuu, Larissa, na dada yake, Mama Dora, wa Ubelgiji.

Mama ameomba iandikwe pia namna Papa alivyotoka nyumbani siku hiyo ya mwisho. Simu ya rabi ilipokuja, alimkatalia kabisa asiende. Alimwambia moyo wake haupandi hata ngazi, na tena, yeye mwenyewe haamini maneno ya pale. Papa alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Siamini," akasema. "Lakini yule kijana anaamini, na mama yake amekufa. Nikikaa hapa, mimi ndiye nitakayekuwa nimemziba mdomo."

Mama akamletea koti. Papa akamwambia amwekee sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, Chadrack asiimalize. Akavaa kofia, akatoka, akashuka ngazi polepole akishika ukuta. Hakurudi tena.

Alale salama.