Mama Aliyempeleka Mwanawe Kituoni
Risala ya wakazi kwa Mkuu wa Polisi

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Polisi. Maofisa mliofuatana naye. Wazazi wenzetu na vijana wetu: tunawasalimu kwa heshima.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu katika darasa hili la chekechea. Wewe tumekupa kiti chenye mgongo. Sisi tumekalia viti vya watoto, magoti yamekaribia videvu. Usituonee huruma, ndivyo tunavyokaa kila tunapokutana na askari wako, na wao hukaa hivyo hivyo. Anayesoma ni kinyozi wa mtaa, aliyechaguliwa kwa madai kwamba vinyozi hawaishiwi maneno. Maneno yenyewe ni yetu sote.

TULIKOTOKA

Zamani sisi na polisi tulikuwa paka na panya. Gari lenu likikata kona, hata asiye na kosa alianza kulitafuta moyoni. Wezi nao walitufanya shamba la bibi. Walivunja mchana tukiwa kazini, wakabeba televisheni, mitungi ya gesi, hata milango. Aliyewajua alinyamaza, kwa sababu mara nyingi alikuwa amewazaa, au amezaliwa nao.

Ndipo mkatuletea Sajini. Alikuja kwa miguu. Alinyolewa kwetu, akanunua vocha kwetu, akajua nani ni shangazi wa nani. Tulimwita Afande Pole, maana kila aliyelalamika alijibiwa, "Pole. Haya, nieleze taratibu." Yeye ndiye aliyetuketisha kwenye viti hivi na kutuambia kwamba mwizi haogopi bunduki kama anavyoogopa majirani wanaojuana.

MAFANIKIO

Tuliweka taa vichochoroni. Muuguzi wetu aliibiwa pikipiki asubuhi, na kabla jua halijatua ilikuwa imerudi, kwa sababu watu walisema walichokiona. Nguo zikaanza kukauka kwenye kamba bila mlinzi.

Lakini, mgeni rasmi, fanikio letu kubwa lilikuwa mama mmoja, mshona sare za shule. Alikuwa na kijana mmoja tu, fundi redio, tuliyemwita Waya. Kijana mcheshi, mwenye pumu tangu utotoni. Mama yake aliona vitu vya majirani vikiingia kwenye banda lake la ufundi na kutoka vikiwa na sura nyingine. Alilia, akamsema, akamfungia mlango. Mwisho alisimama mbele yetu katika darasa hili akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe ni yangu."

Sajini alimwambia, "Mlete mwenyewe, mama. Akija kwa miguu yake, sheria itamsikiliza. Mimi nitakuwepo kumpokea."

Akampeleka. Tuliwaona wakipita mchana kweupe, kijana amevaa shati lililopigwa pasi, mama amemshika mkono kama anampeleka darasa la kwanza. Sajini aliwapokea kama alivyoahidi. Waya akakiri, akataja wenzake, akasema hata vitu vilipo. Kabla ya kuondoka, mama aliweka kaunta dawa ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Akasema, "Huyu akikaa penye hewa nzito, kifua hubana. Mpeni hii."

Askari wa kaunta akamjibu, "Weka hapo, mama. Atapewa."

Sajini alimaliza zamu yake akaenda nyumbani.

Asubuhi mama alifika na chai ya mwanawe. Akaambiwa asubiri kwenye benchi, anaitiwa mkubwa. Akiwa pale, aliiona dawa kando ya simu, palepale alipoiweka. Akajua kabla hajaambiwa.

CHANGAMOTO

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama huyu hakuchelea, na bado analia yeye.

Tulimzika Waya wenyewe. Hakuja mtu kutoka kituoni. Sajini alihamishwa kabla ya mazishi, na hatukuambiwa alipopelekwa. Tukiuliza, tunaambiwa uchunguzi unaendelea.

Tangu hapo mikutano yetu imepooza. Juzi mama mwingine alimfuata katibu wetu nyumbani akamwambia, "Wangu naye ana mambo yake, nayaona. Nifanye nini? Nimlete, kisha nikazike?" Katibu wetu ni mtu wa majibu. Siku hiyo alimsindikiza tu mama huyo hadi mlangoni kwake.

Wezi wamerudi, mgeni rasmi. Lakini hilo silo lililotuleta kwako.

MAOMBI

Tunaomba anayefikishwa kituoni na dawa, dawa iingie naye.

Tunaomba uchunguzi ufike mwisho, na mwisho huo tuelezwe humu humu.

Tunaomba Sajini aruhusiwe kuja kumpa pole yule mama. Hatumlaumu. Mama mwenyewe huuliza kama anakula vizuri huko aliko.

Na tunaomba mtu mwenye cheo aende nyumbani kwa mama huyo, aketi, amwambie kilichotokea. Asimpelekee fidia kwanza. Ampelekee maneno.

Yumo humu ndani, safu ya nyuma, karibu na dirisha. Tulimwomba aketi mbele, akakataa. Tulipoandika risala hii wengine walitaka tuseme kwamba hatutaleta tena mtoto wa mtu kituoni. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema, nasi tunakusomea kama alivyosema: "Msiwaambie kina mama wasiwalete. Mwambieni mkubwa wao awapokee."

Mgeni rasmi, Mungu akufikishe kwako salama, na akukutanishe na wanao wakiwa wazima.

Ni sisi,
Wakazi na Kamati ya Jirani Mlinde Jirani.