Nyumba Iliyonyamaza

Kwenye gari la kutoka Ruangwa kwenda Mbekenyera, mama mmoja aitwaye Rukaiya alikuwa akisifia sumu yake ya panya kwa mzee aliyekaa naye, Kasmiri, ambaye hakuwa ameuliza. "Nimeitega juzi tu, baba. Sasa nyumba kimya."

"Vinyesi vyao vilikuwa kama mchele au kama maharage?"

"Kama maharage."

"Panya wakubwa hao. Umeokota mizoga?"

"Hata mmoja."

"Harufu je?"

"Hakuna."

"Na sumu imeliwa?"

Rukaiya akasita. "Iko vilevile. Hata mahindi hawayagusi tena."

"Basi hawakufa, mama. Wamehama. Panya haachi mahindi bure, mpaka kiingie kitu anachokiogopa kuliko njaa."

Rukaiya alicheka, lakini alitoa simu, akampigia mama mkwe wake aliyebaki na mtoto. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, abiria wote tukasikia.

"Hatujambo. Mtoto amelala. Ila sumu yako ni bure tu, panya wamerudi. Nawasikia darini."

"Wanakimbiakimbia?" Kasmiri alinong'ona, na Rukaiya akarudia swali.

"Hapana. Kama gunia linaburutwa, taratibu. Sasa limefika juu ya kitanda."

"Mama, mtoe mtoto nje!" Rukaiya alipiga kelele.

Simu ilikatika. Dereva aliongeza mwendo bila kuambiwa.

Tulipofika Mbekenyera, gari halijasimama sawasawa, Rukaiya aliruka na kukimbia, na mzee Kasmiri akamfuata kwa kadiri ya magoti yake. Sisi wengine hatukushuka. Tulikaa tukisikiliza.